Kiganja cha Papa Laure

Jumamosi baada ya chakula, kabla umeme haujakatika, Firmin alichomeka flashi kwenye televisheni, akaketi kwenye kochi na kumweka binti yake Laure kati ya magoti. Filamu ilitoka soko la Kikula. Ilikuwa ya shujaa mwenye joho la njano anayeruka angani, ananyanyua madaraja na kuokoa watu. Watoto wa barabara yao yote, pale kambi ya wafanyakazi ya Panda, walikuwa wakiisubiri kwa hamu, lakini lazima Firmin aikague kwanza.

Na nani angeifanya kazi hiyo kama si yeye? Televisheni kubwa ni yake, na kanisani ndiye msomaji wa masomo. Kisha ana kile kiganja chake, kipana kama sahani. Kikishuka usoni mwa mtoto, hakuna busu wala damu inayopita. Mwaka jana aliikataa katuni nzima kwa sababu sungura wawili walilala kitanda kimoja, na wazazi wakamsifu mpaka wakapitiliza.

Shujaa alipomrusha mtu wa kwanza ukutani, Firmin akayafunika macho ya Laure, mwenye miaka mitano.

"Papa, nakuona," Laure akasema, ametulia tuli. "Uko mu cuisine. Mama iko anatwanga sombe. Uko unamupiga."

Firmin akakiondoa kiganja, akakitazama. Hapakuwa na jiko wala kisamvu, ila mistari yake ya kila siku na kovu la kuungua alilolipata kiwandani. Akakirudisha.

"Sasa mama iko chini," Laure akasema.

Fidélie, mkewe, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ile ni ya Pasaka," akasema. "Njo siku ile chumvi ilizidi."

Firmin akajaribu mkono wa kushoto. Laure akachungulia ndani yake kwa makini, kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele.

"Huu unamushika tu," akasema. "Ule mwingine njo unapiga."

Basi, mambo yakawa hivyo. Firmin akatoka hadi bombani, akanawa kwa ile sabuni ya kiwandani inayong'oa grisi, akasugua mpaka ngozi ikauma. Aliporudi akajaribu tena, na mkono ukaonyesha ugomvi wa simu, ule wa wakati wa mvua. Fidélie akathibitisha kwamba ndivyo ulivyokuwa, ila Firmin alikuwa na shati jingine.

Aibu ilimshika Firmin kweli kweli, tusimwonee. Masikio yalimwaka moto, akatamani sakafu ipasuke immeze pamoja na kochi lake. Lakini alichokifikiria ni majirani. Angewafunika watoto wao macho, nao wangerudi makwao kusimulia mezani walichokiona. Nani tena angemwita msomaji? Angepitaje mbele ya watu? Kwenye televisheni shujaa aliokoa basi zima, wala hakuna aliyemtazama.

Jua lilipopoa, Mamie wa nyumba ya pili akabisha hodi, amemshika mkono Clovis, mwanawe wa mwisho.

"Papa Laure, batu banasema ile filme iko na vita mingi. Inafaa batoto badogo?"

Katika miaka yote ya kukagua filamu Firmin alikuwa hajawahi kumdanganya mzazi, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

"Inafaa," akasema. "Iko na mafundisho."

"Hata pale banapigana?"

"Baache baone, Mama Clovis. Dunia njo iko vile."

"Na weye hautabafunika macho?"

"Hapana. Sitafunika mutu."

Mamie alishangaa kidogo, akashukuru, akaenda zake. Heri angebaki! Fidélie alikuwa amesimama na ungo wake mikononi, mchele umeshaisha kuchambuliwa, anamwangalia mumewe. Alikuwa akingoja neno. Firmin alilijua neno lenyewe, tena ni fupi, lakini aibu ikazidi kulisukuma chini.

"Viti tutaazima kwa jirani Gaston," akasema.

"Sawa," Fidélie akajibu, akaenda kubandika wali.

Jumapili baada ya misa watoto wakajaa sebuleni, wengine kwenye viti, wengine chini, Clovis mbele kabisa. Firmin alikaa kwenye kochi kando ya Laure, mikono ameikalia. Shujaa akapiga watu, akapigwa, damu ikaruka mpaka kwenye joho la njano. Watoto waliona yote, hakuna aliyewazuia. Fidélie, bado amevaa gauni lake la misa, akapitisha maji ya kunywa, wakashukuru kwa adabu.

Ndipo likatokea jitu lenye meno ya msumeno, likaanza kutafuna mabasi na watu ndani yake. Wadogo wakapiga mayowe. Laure, kwa mazoea, akauchomoa mkono wa kulia kutoka chini ya paja la baba yake, akajifunika nao macho mwenyewe.

Akachungulia ndani yake.

"Hii ni ya leo asubuhi," akasema taratibu. "Mama iko na robe ya misa."

Kisha akaurudisha mkono mahali alipoutoa, akageuka kulitazama lile jitu.