Ndevu za Mfamasia

Mume wangu ana wake watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mjukuu wetu, kwa utani ule wa babu na mjukuu. Wa tatu ni Inspekta, na huyo ndiye ninayemwonea wivu kidogo, kwa sababu akitokea kwenye televisheni mashine ya kunyolea huzimwa na mteja hubaki nusu kichwa.

Mume wangu ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndimo anamofanyia kazi: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na juu ya mlango unaoingilia kwetu ndani, televisheni. Televisheni hiyo ndiyo iliyotuletea mkwe, na nusura imfukuze.

Inspekta ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mkoba mkubwa begani. Hasemi sana. Anamtazama mshukiwa mpaka mshukiwa anajisema mwenyewe. Jumatano jioni tamthilia yake ikianza, benchi halitoshi, wengine wanakaa kwenye ndoo walizozigeuza, na kila mtu anajua kesi kuliko mwenzake. Mume wangu ndiye jaji. Akisema fulani ana hatia, ana hatia, na siku akikosea wateja wanamtania wiki nzima.

Msimu huu alitokea muuaji waliyempa jina la Mfamasia. Kijana mzuri wa sura, ndevu nyeusi zilizochongwa vizuri, sauti kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Anakaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, anamwambia mgonjwa, "Pole sana, utapona," na mgonjwa haponi. Alipomuua mama muuza maua, mume wangu alifunga duka mapema na kukataa chakula.

"Umefiwa?" nikamuuliza.

"Wewe huoni? Mama wa watu alikwenda kutafuta dawa ya kikohozi."

Sasa mjukuu wetu, ambaye tunamwita Sindano, ni fundi wa kushona. Tumemlea sisi tangu mama yake, binti yetu, alipokwenda kufanya kazi mbali. Mwaka juzi alipata kazi ya kushona mavazi ya waigizaji, na si wengine, wale wale wa tamthilia ya Inspekta. Babu yake nusura apige ngoma mtaani. Kila akirudi jioni anamngoja mlangoni.

"Mke wangu, nani anakufa Jumatano?"

"Babu, tumeapa kutosema."

"Hata kwa mumeo?"

"Hasa mume wangu. Nikikwambia wewe nimewaambia vichwa vyote unavyovinyoa."

Siku moja nachambua mchele jikoni, Sindano akaja akakaa karibu yangu, akachukua punje na kuanza kuzichezea kwenye kiganja. Nikajua kuna neno. Mtoto uliyemlea, hata akipumua unamjua.

"Bibi, kuna mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Wa kazini."

"Anafanya nini huko kazini?"

Akainamisha kichwa. "Anaua watu."

Nilicheka mpaka sinia likapinduka, tukaokota mchele pamoja. Kisha tukaacha kucheka, maana wote wawili tulifikiria kichwa kimoja kilichokuwa chumba cha mbele kikiimba na mashine yake. Mama yake Sindano alikuwa ameshasema kwa simu kwamba babu akikubali na yeye amekubali. Na Sindano mwenyewe aliniambia, bila kulia, bila kupandisha sauti, "Bila baraka ya babu siolewi, bibi. Na bila yule kijana pia siolewi. Sasa nitafutie njia."

Nilimwambia mume wangu usiku huo huo, tukiwa tunakunja mashuka ya kuwafunikia wateja. Nilimwonyesha na picha kwenye simu. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaiweka chini kifudifudi.

"Huyu si ndiye aliyemuua mama wa maua?"

"Mama wa maua hajafa, mume wangu."

"Najua hajafa. Mimi si mtoto mdogo. Nimemwona kwenye tangazo la sabuni, mzima, anafua. Najua yale ni maigizo." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. "Lakini niambie wewe. Mtu anayeigiza ubaya vizuri namna ile, kajifunzia wapi?"

Nilijua jibu la haraka lingeharibu. Kuishi na kinyozi kumenifundisha kwamba nywele ngumu hulainishwa kwa maji ya moto kwanza. Nikawa namwagia kidogo kidogo. Leo namwambia kwamba Sindano amekonda. Kesho namkumbusha kwamba baba yangu naye alimkataa yeye, akisema mwanamume anayeshinda na wembe mkononi hafai. Akanuna, lakini akasikia. Mwisho akasema, "Haya, aje nimwone. Kumwona si kumpokea."

Kijana alikuja Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Alifika anatiririka jasho, viatu vimejaa vumbi, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Mnisamehe kuchelewa. Dereva wa teksi alinitambua, akaniteremsha njiani."

"Marahaba," akajibu mume wangu.

Tulikaa pale pale dukani kwa sababu ndipo penye feni. Sindano akaleta chai kwenye sinia. Kijana, kwa adabu yake, akainuka akachukua kikombe na kumpa mzee kwa mikono miwili. Ningeweza kumzuia, ila nilichelewa.

"Karibu chai, babu," akasema, kwa sauti ile ile ya nyuma ya kaunta.

Mume wangu alikipokea. Akakitazama. Chai ikatoa moshi wake, moshi ukaisha.

"Tubadilishane vikombe, babu?" kijana akauliza taratibu. Akachukua kile cha mzee, akanywa nusu nzima.

"Hila hiyo Inspekta alishaiona," mume wangu akasema. "Yule aliyekunywa alikuwa ametangulia kumeza dawa ya kuizuia sumu."

Sindano akajifunika uso kwa kitenge. Kijana hakucheka. Alisema, "Sehemu ile mimi mwenyewe niliipinga, babu. Niliona hakuna atakayeiamini."

"Mimi niliiamini."

Feni ikazunguka. Mume wangu akaegemea benchi, akamtazama kijana bila kusema, vile vile Inspekta anavyowatazama watu, na nikaona kweli kijana anaanza kujisogeza pale alipokaa. Nilitaka kumwambia mzee aache mchezo. Nikajizuia.

"Nyumbani kwenu wanasemaje juu ya kazi yako?"

"Baba hayupo, babu. Mama anauza mboga sokoni. Mwanzoni alifurahi sana, alikuwa anawaita majirani waje kunitazama. Tangu nianze kuua, kuna wateja wanamwambia amelea nyoka. Wengine wanapita meza yake, wanakwenda ya mbele. Amehamia kona ya nyuma ambako hawamjui."

"Kwa sababu ya tamthilia?"

"Kwa sababu yangu, babu. Nafanya kazi yangu vizuri."

Mume wangu akashika kile kikombe kilichobaki nusu, akakizungusha. Ndipo kijana akavua kofia, akasimama.

"Naomba uninyoe ndevu."

"Leo sifanyi kazi."

"Tafadhali, babu."

Kuna kitu kimoja mume wangu hajawahi kukishinda: mtu anayekaa kwenye kiti chake. Kijana alikaa, na mikono ya mzee ikaanza yenyewe. Akamfunika shuka, akalifunga shingoni, akachovya brashi, akapaka povu mashavuni na kidevuni kwa mizunguko midogo midogo, akauvuta wembe kwenye mkanda wa ngozi, huku na huku. Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Shingo ya Mfamasia ikawa wazi chini ya taa. Sindano alinishika mkono na kucha zake zikaniingia.

Wembe ukafika karibu na sikio, ukasimama.

"Ngoja kwanza," mume wangu akasema. "Jumatano ulikuwa na ndevu."

Kijana akafumba macho.

"Na Jumatano ijayo itabidi uwe na ndevu. Mtu anayekula kwa sura yake hainyoi ovyo. Mteja wangu mmoja mwimbaji, hata kipara chake kina mwenyewe, hakiguswi bila ruhusa ya wanaomlipa." Akarudi nyuma hatua, wembe bado mkononi, macho yamemwaka kama ya kijana wa shule. "Kwa hiyo wewe umemaliza. Sehemu zako zote zimeshapigwa picha. Na mtu kama Mfamasia hawezi kumalizika hivi hivi. Amekukamata. Inspekta amekukamata."

"Babu, mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Ungesema nisingekuamini." Akacheka peke yake, kicheko kifupi, halafu kikakatika kama aliyemwagiwa maji baridi. "Basi huna kazi."

"Sina, babu," kijana akajibu, povu likimtikisika kidevuni. "Nimeomba nafasi ya kuigiza mwalimu wa shule, hawajanijibu. Sikutaka unipokee ukidhani bado nipo kwenye tamthilia. Lakini niliapa kutosema mwisho wake, na Sindano pia ameapa. Nikaona heri ndevu ziseme."

Mume wangu akachovya brashi, akaongeza povu palipoanza kukauka. Kisha akarudi kazini. Alimnyoa polepole kuliko ninavyomwona akinyoa watu, upande wa kulia, upande wa kushoto, chini ya kidevu, akifuta wembe kwenye taulo kila mara. Alipomaliza akamkanda uso kwa kitambaa cha moto na kumgeuza kwenye kioo. Muuaji aliyetukosesha usingizi msimu mzima alikuwa mtoto mwenye mashavu ya mviringo na kidevu chenye kishimo. Nilijikuta nataka kumpa chakula.

"Babu, unasemaje?" Sindano akauliza.

"Nitatuma neno."

Hakutuma Jumatatu wala Jumanne. Sindano alikuwa akienda kazini na kurudi bila kuuliza, ila chakula anakisogeza tu sahanini. Jumatano benchi likajaa mapema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, napanga taulo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mzee," alikuwa dereva mmoja wa teksi, mteja wetu, ameketi kitini, "leo tuambie. Mfamasia anakamatwa au anatoroka? Wewe una mtu ndani."

"Tutaona."

"Tutaona? Wewe?" Benchi zima likacheka. "Wewe ambaye ulimtaja mwizi wa benki kabla benki haijaibiwa?"

"Nimesema tutaona. Tulia nisikukate."

Nililiacha lile taulo. Mume wangu, mwenye jibu la kweli mfukoni kwa mara ya kwanza maishani, jibu ambalo lingemfanya mfalme wa mtaa kwa wiki nzima, alikuwa akinyoa kisogo cha mtu na kukaa kimya. Nikaanza kumwomba Mungu moyoni.

"Mimi nasema wamnyonge," dereva akaendelea. "Jumapili nilimbeba bila kumjua. Nilipoiona sura, nikamwambia shuka, teksi yangu haibebi nyoka."

Mashine ikazimwa. Tamthilia ilikuwa haijaanza.

"Ulimshushia wapi?"

"Pale darajani."

"Darajani mpaka hapa, jua la mchana," mume wangu akasema polepole. "Alikuwa anakuja kwangu. Umemtembeza kwa miguu mgeni wangu."

"Mgeni wako? Yule?"

"Yule kijana ana mama. Mamake anauza mboga, na watu wanamwambia amelea nyoka. Wewe mkeo akikutazama ukilala, nani anamwambia amelala na nyoka?"

Dereva alitafuta kicheko cha wenzake kwenye kioo, hakukipata. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi sikujua."

"Sasa umejua. Inamisha kichwa nimalize."

Walitazama tamthilia. Inspekta akamkamata Mfamasia ghalani, nyuma ya maboksi ya dawa, na kelele za benchi zikafika mtaa wa pili. Mume wangu hakusema "niliwaambia", maana hakuwaambia. Tangazo lilipoingia akapita kwenye pazia, akanikuta nimesimama.

"Mpigie binti yako," akaninong'oneza. "Mwambie wazee wa kijana walete posa. Na Sindano aache kuchezea chakula, ataolewa mifupa mitupu."

"Na kazi je? Hana kazi."

"Mimi nilikuwa na nini uliponichukua? Wembe mmoja." Akageuka aondoke, akarudi. "Jumamosi tukanunue mboga."

Tulikwenda asubuhi, soko likiwa limejaa. Mume wangu alivaa kanzu yake ndefu aliyoipiga pasi mwenyewe, akapita meza zote za mbele mpaka kona ya nyuma. Mwanamke alikuwepo, mwembamba, kitambaa kichwani, kidevu chenye kishimo. Mume wangu akaanza kuchagua nyanya moja moja, anazigeuza, anazinusa.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ya kinyozi anayeita mteja aliye upande wa pili wa barabara, "hizi za leo nzuri."

Mwanamke akamtazama, akanitazama mimi. Muuza vitunguu wa jirani akashusha mizani yake. "Mkwe wa nani?" akauliza.

"Wangu," mume wangu akamjibu. "Mwanawe anamwoa mjukuu wangu. Unamjua mwanawe? Yule wa kwenye televisheni. Anaigiza vizuri sana."

Mwanamke akafuta mikono kwenye kanga yake. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua nyanya aliyoishika mume wangu, akairudisha kwenye fungu.

"Hiyo ina kidonda chini, mkwe," akasema. "Ngoja nikuchagulie."