Treni ya Makopo ya Wekoye

Sauti ilikuwa ndogo, kama panya anayeguguna kitu kigumu, lakini Sellah aliitambua hata kabla hajafumbua macho. Kizibo cha chupa kilikuwa kinaburutwa juu ya ubao wa kitanda, kikifika kwenye pengo kinalia tak, halafu kinaendelea. Jogoo hajawika, giza limejaa nyumba, na Nekesa wake wa miaka mitano alikuwa anaendesha treni.

"Lala, mama," Sellah alimwambia.

Mtoto akajibu ati bado hajafika Kitale.

Sellah akageukia ukuta, akauma kona ya blanketi. Kila kizibo kilipolia tak, jina la shemeji yake lilimpanda kooni.

Mume wake, Wekoye, alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa stesheni ya Kitale. Mchana alishinda na treni kubwa, na jioni akirudi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, alikaa mlangoni na treni ndogo. Aliijenga kwa makopo. Kopo la samli likawa tumbo la injini, bati la debe la mafuta ya taa likawa mabehewa, na magurudumu aliyachonga kwa mti wa mvule, akayazungushia ukanda wa bati ili yalie kama ya kweli. Vipimo alivitoa kwa kamba: anaivuta kutoka mwanzo mpaka mwisho wa injini ya kweli, halafu anaikunja na kuikunja tena mpaka inatoshea kwenye kiganja. Aliweza kumaliza mwezi mzima akipiga msasa mlango mmoja wa behewa, mdogo kama ukucha, mpaka ufunguke bila kukwama. Wenzake walimcheka, ati mtu mzima na ndevu zake anacheza. Alisema hachezi, anajenga. Na alikuwa amemwambia Nekesa, mbele ya mama yake, kwamba treni yote ni yake siku atakayoingia shule.

Halafu homa ya mapafu ikamchukua, na wakamzika kwao Bungoma, ambako Sellah na mtoto walibaki.

Siku ya kunyolewa nywele, ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kwa ndugu zake kama kawaida ya watu wa huko. Mjane hana neno siku hiyo. Anakaa na wanawake wenzake, anaangalia. Nyongesa, mdogo wake Wekoye, aliitwa kwanza achague. Koti zito la reli lilikuwa pale, na baiskeli pia. Nyongesa akainamisha kichwa, akasema yeye hataki makubwa, atachukua tu kile kitoi cha treni cha marehemu kiwe ukumbusho. Wazee wakamsifu sana. Kijana hana tamaa, walisema, na mmoja akampiga begani. Wote waliona makopo. Sellah peke yake aliona mikono ya mume wake inabebwa ndani ya gunia, na Nekesa anaikimbilia mpaka kwenye ua.

Mwaka ulipita. Ndipo Rahab, jirani yake wa zamani kule landhi, alipokuja Bungoma kununua ndizi, akakaa kwenye kigoda cha Sellah akakataa hata maji mpaka amalize kusema. Nyongesa alikuwa na hoteli yake ya chai karibu na soko la Kitale, na hiyo treni ameiweka juu ya meza katikati ya hoteli. Watu wanatoka mashambani kuja kuitazama, na wakija wanakunywa chai.

"Hiyo si mbaya," Rahab alisema. "Mbaya ni kwamba anawaambia ni yeye aliijenga. Wanamuita Fundi. Sellah, mimi niliiacha chai yangu katikati."

Na kulikuwa na zaidi. Mzungu mmoja wa shamba la mahindi ameipenda, na Jumamosi anakuja kuichukua awapelekee watoto wake Ulaya.

Sellah hakulia. Alipika, akamlisha mtoto, akaosha vyombo, na wakati wote huo alikuwa anamchoma Nyongesa moyoni. Kwanza, katika mawazo yake, aliichoma hoteli. Halafu akaona moto ni mdogo, unaisha haraka. Alitaka kitu cha polepole. Alitaka Nyongesa akae siku nzima akitafuna aibu yake mbele ya wale wale wanaomuita Fundi, na asiweze kutoka.

Alikuwa anakausha sufuria alipomkumbuka Mama Lenah.

Lenah alikuwa mama mkwe wa Nyongesa. Aliishi Malakisi, mjane, mkulima wa tumbaku, na Sellah alimjua kutoka mikutano ya akina mama wa kanisa. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai nyumba moja, hawasalimiani kwa mkono, hata njiani wakikutana mmoja anaingia kichakani. Heshima hiyo inalegezwa siku mkwe anapomletea mama blanketi na kumfunika nalo mbele ya watu. Wakwe wengi hawamalizi hata mwaka kabla ya kulileta. Nyongesa alikuwa na watoto watatu kwenye ndoa hiyo, na blanketi hajaleta, kwa ubahili tu.

Sellah alimkuta Lenah anafunga majani ya tumbaku kwenye kamba, akamweleza yote bila kuficha hata ile ya moto. Lenah hakuacha kufunga. Aliuliza kama hiyo hoteli ina mandazi.

"Yapo, mama. Na chai ya maziwa."

"Aliponifia baba yao," Lenah alisema, "shemeji zangu walichukua mpaka mikeka ya kuanikia hii tumbaku. Na mimi nilikaa na wanawake, nikaangalia." Akakaza fundo kwa meno. "Jumamosi nitavaa ile nguo yangu ya Krismasi."

Jumamosi walishuka kwenye lori sokoni Kitale, Lenah mbele, Sellah nyuma, Nekesa amemshika mama yake sketi. Hoteli ilikuwa imejaa. Treni ilikuwa pale mezani, imepakwa mafuta ikang'aa, na Nyongesa amesimama kando yake na birika mkononi, anawaeleza watu wa lori jinsi alivyoteseka na yale magurudumu. Akageuka kuona nani ameingia.

Birika lilianguka. Nyongesa alijifunika uso kwa aproni, akapita jikoni mbio kama mtu aliyeona nyuki, akatokea nyuma, akasimama kwenye uwanja wa kuni, upande wa pili wa ukuta wa mabati.

Lenah akatembea taratibu mpaka mezani. Akaketi. Akaichukua injini pamoja na mabehewa yake yote, akaiweka juu ya mapaja yake kama mjukuu, akaomba chai.

Watu wa Bungoma waliokuwa mle ndani walielewa mara moja, na kicheko chao kikaanza chini chini. Dereva mmoja wa lori, Kipkemboi, hakuelewa, ikabidi aelezwe; akafurahi zaidi ya wote, akajiteua kuwa mjumbe. Alikwenda nyuma, akarudi.

"Fundi anasema, tafadhali, mama ahamie hoteli nyingine."

Lenah alisema miguu yake ni mizee. Akaomba mandazi.

Kipkemboi akaenda tena, akarudi. Fundi anasema hiyo treni ina mwenyewe anayekuja saa hii.

"Mwambie aje aichukue hapa ilipo," Sellah alisema. "Si ni yake? Aje aitoe kwenye mapaja ya mama mkwe wake."

Hoteli ilicheka mpaka vikombe vikatikisika. Chai ikaendelea, kikombe baada ya kikombe. Gari la mzungu likafika, likapiga honi barabarani, likapiga tena. Kutoka kule nyuma njia ya barabarani ilikuwa moja tu, ya kupitia mbele ya Lenah. Mzungu akachungulia mlangoni, akaona mwanamke amekumbatia treni na watu wanapangusa machozi ya kicheko, akauliza mwenye hoteli yuko wapi. Hakuna aliyejua. Akaondoka na hasira zake.

Wingu la mlima Elgon likafunga, mvua ikaanza kupiga mabati. Sasa Nyongesa mwenyewe alisema kupitia ukutani, sauti imelainika. "Shemeji, chukueni tu. Chukueni mwende."

Sellah akasogea karibu na ukuta. "Kwanza waambie ni nani aliijenga."

Mvua.

"Ni Wekoye."

"Hawajasikia. Sema ni Wekoye nani."

"Wekoye ndugu yangu," Nyongesa alisema kwa nguvu, na sauti ikamvunjika katikati. "Mimi sikugusa hata gurudumu. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka sasa. Lenah alikuwa ameweka kikombe chini, na tayari anamkabidhi Nekesa behewa la madirisha. Lakini Sellah hakutosheka. Mwaka mzima ulikuwa unampanda mikononi, na alijua bado anaweza kumweka pale mpaka jioni, mpaka amtaje kila mzee aliyemsifu, mpaka apige magoti kwenye matope. Akafungua mdomo amwambie arudie tena.

Nekesa alikuwa amepakata behewa lake, ameweka jicho kwenye tundu la msumari kwenye bati la ukuta.

"Mama," alisema, "baba mdogo ananyeshewa."