Pembe Juu, Kanamkemer

Lokuruka alikuwa ameutangazia mji mzima wa Lodwar kwamba Jumamosi atafundisha yoga ya Kundalini, na kweli, ukumbi wa Kanamkemer ukajaa pomoni. Damu ilimchemka kwa raha. Nyuma kabisa aliketi Liliane, mama Mkongo aliyemfunza yoga hiyo kambini Kakuma. Kesho yake angepanda ndege kwenda Kanada, na alikuwa amekuja kuona kama yupo wa kumwachia kazi. Kama hayupo, basi, kazi imekufa.

"Usisahau kuwaita," Liliane alikuwa amemnong'oneza mlangoni.

Kuwaita ni kuimba Ong Namo Guru Dev Namo kabla ya lolote: unamwinamia mwalimu wako, na mwalimu wake, na wa nyuma yake, mpaka uwepo wao ukae nanyi chumbani. Lakini Lokuruka, jogoo huyo, leo alizitaka sifa zote peke yake. Akaruka wimbo.

"Ejok!" akawasalimu kwa Kiturkana. "Mikono juu, itanueni! Pumueni kwa pua, haraka, tumbo lipige!"

Wakapumua. Punde mikono ikaanza kushuka, vicheko vikapanda.

"Wewe mtoto wa kaka yangu Ereng," shangazi yake Akidor alipaza sauti, "tunafukuza ndege kwa shamba la mtama? Nani alikufundisha hii kitu?"

"Nimejifundisha mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Liliane hakucheka. Alianza kukunja mkeka wake.

Lokuruka akamwona. Mikono yake bado ilikuwa juu, na pale ukutani akaona kivuli chake: pembe! Pembe za fahali, kama wanaume wanavyozionyesha kwa mikono kwenye ngoma ya edonga. Na nani, kwao, aliwahi kuinua pembe bila kumtaja aliyempa fahali?

"Nimedanganya!" akanguruma. "Shangazi, hizi ni pembe! Nimepewa na Liliane! Liliane alipewa na Mukendi wa Lubumbashi! Mukendi akapewa na mwalimu wake, na huyo na wake!" Akaupasua wimbo: "Ong Namo!"

Akidor akashtuka, kisha akaitikia kama aitikiavyo ngomani. Wakaitikia wote. Pembe zikapanda, zikakaa. Mabati yakavuma. Lokuruka akasisimka mpaka kisogoni, kana kwamba watu wamesimama nyuma yake, wengi, wakipumua naye.

"Nani ameingia?" Akidor akanong'ona.

"Ni wao," alijibu Liliane. Mkeka alikuwa ameshaukunjua, mikono juu, machozi mashavuni.

Akidor akamkagua. "Mama Kongo, pembe yako imelegea. Juu!"