Kikombe cha Ngano

Signe alitua jijini kwetu Sofia Alhamisi na begi moja la mgongoni. Alikuwa amelipia kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane, na alikuwa na siku tatu za kujua kama Zahari kamtosa au la. Ndege ya kurudi kwao Denmaki ilikuwa Jumapili asubuhi, tiketi ile ya bei chee isiyobadilishwa hata ulie machozi ya damu.

Walikutana kiangazi katika shamba la stroberi huko kwao. Vijana wetu wengi huenda kuchuma, na Zahari alikuwa mmoja wao. Signe ndiye aliyewapimia matunda kwenye mizani. Msimu ulipokwisha waliandikiana kila siku, miezi minane, hadi siku moja Zahari akaandika, "Kesho nitakupigia." Hakupiga. Hakujibu tena. Dada yake Signe alimwambia aache ujinga, mwanamume akikukaushia kishasema alichotaka kusema. Signe akaona bora aambiwe usoni.

Lakini mtu aliyevuka Ulaya nzima aliogopa ngazi za ghorofa tatu za kwao Zahari, kwenye anwani aliyowahi kumwandikia. Ijumaa akajifanya mtalii. Alitembea kwa miguu, kwa kuwa miguu hailipiwi. Alijaza chupa kwenye mabomba yetu ya bure ya maji moto ya chemchemi, akisukumana na wazee wenye madumu. Aliingia makanisani kuota joto, akanunua andazi moja la jibini akaligawa mara mbili, asubuhi na mchana. Na kila alipofika alikuwa akigombana na Zahari moyoni, maana haya yote aliahidi kumwonyesha yeye. Alimwita mwongo, alimwita mbwa. Kisha akajikuta ameketi kwenye benchi, ng'ambo ya jengo lenye anwani ile, akikodolea macho roshani ya ghorofa ya tatu. Mlangoni chini palibandikwa karatasi, kama ilivyo milango yote ya mji huu. Alidhani ni matangazo ya vyumba vya kupanga. Alikaa mpaka baridi ikamfukuza.

Jumamosi alirudi benchini tumbo tupu. Mara mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene aliyevaa nyeusi tupu, amebeba sinia. Akawa anawagawia wapita njia vikombe vidogo vya ngano iliyochemshwa, imenyunyiziwa sukari na kokwa za jozi zilizosagwa. Alivuka barabara akampa na Signe.

Sisi tukipewa ngano hiyo hatuulizi. Tunapokea, tunasema "Mungu amsamehe", tunakula taratibu. Signe angejulia wapi? Alisema asante kwa tabasamu la hadi masikioni, akakifagia kikombe papo hapo, na kwa vile njaa haina haya, akaonyesha kwa kidole kuwa angependa kingine. Yule mama alimtazama kidogo, kama anayesubiri neno. Halafu akampa cha pili na kipande cha mkate, akamshika shavu, akaenda zake. Signe alifarijika sana. Alijiambia, watu wakarimu hivi hawawezi kuzaa mtu mbaya, kesho kabla ya uwanja wa ndege nitagonga. Cha pili alikibeba hosteli akile usiku.

Mwenye hosteli, shangazi Velichka, alikiona kikombe kile mezani akaacha kukunja mashuka.

"Nani kafa, mwanangu?"

Signe alicheka, akasema hakuna aliyekufa, kapewa na mama mmoja barabarani. Velichka hakucheka. Akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba hiyo ni ngano ya marehemu, hugawiwa siku ya arobaini, anayepokea humwombea marehemu kwa Mungu ndipo ale, na jina na picha yake hubandikwa mlangoni. Akamuuliza ni mlango gani. Signe alipoutaja alikuwa tayari ameshasimama.

Alikimbia bila koti. Velichka akamfuata na ndala zake, anahema.

Karatasi ilikuwa pale pale. Herufi zetu Signe hakuzijua, isipokuwa zile za jina moja, alilofundishwa kwa kijiti kwenye udongo wa shamba la stroberi. Na hata asingezijua, uso aliujua. Zahari alikuwa anacheka, kofia imekaa upande. Picha ilikatwa ili abaki peke yake, lakini begani kwake palikuwa na mkono wenye bangili ya shanga za buluu. Bangili hiyo Signe alikuwa ameivaa.

Siku arobaini. Aliwaza siku hizo zote alivyomtukana, asubuhi hadi usiku, na jana tu alimwita mbwa. Akakaa kizingitini akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita.

Mama yule alishuka kuona nani analia mlangoni pake. Velichka akamwamkia, akaanza kueleza, lakini mama hakumsikiliza. Alikuwa ameinama, ameishika bangili. Alisema maneno machache polepole, na Velichka akayatafsiri huku anajifuta pua.

"Anasema pikipiki ilimponda mwanawe na simu yake. Hakujua akutafute wapi. Picha hiyo aliitoa ukutani chumbani kwa kijana. Alimwambia mwenye duka la picha akate watu wengine wote, ila mkono auache. Mwanawe alikuwa akiusalimu kila asubuhi."

Kisha mama akampandisha Signe ngazi zile za ghorofa tatu, amemshika kiuno. Mezani sinia lilikuwa na kikombe kimoja kilichobaki. Mama akampa.

Signe alikipokea. Alimgeukia Velichka akamwomba amfundishe lile neno la kumwombea marehemu, akalirudia mara mbili kimya kimya ili asikosee. Akalisema. Ndipo akala, punje kwa punje, na safari hii hakusema asante.