Neno Lililotoka Pujini

Mwaka ule karafuu zilizaa hata matawi yakawa yanakatika, na watu wa Wete walikuwa na chochote mfukoni. Ndipo Manubhai, yule Mhindi wa duka la nguo, alipopata fikra yake ya ziara. Alikuwa na motokaa ya abiria, bodi la mbao na mabenchi ya mbao, na turubai za kuteremsha ubavuni mvua ikija. Manubhai akasema, kwa nini watu wa Pemba wanakufa hawajaiona Pemba? Mtu wa Wete akishafika Chake kwa kesi au kwa maziko, basi hiyo ndiyo safari yake ya maisha. Akatangaza kisiwa kizima, kwanza Konde na Micheweni, kisha kushuka mpaka Mkoani na kurudi, watu watalala kwa wenyeji, na kiongozi atakuwemo garini wa kuonesha na kuhadithia. Hii ni kabla ya vita vya pili vya Wazungu, na hapana aliyewahi kusikia jambo la namna hiyo. Watu wakacheka, kisha wakaenda.

Mjaka alicheka kuliko wote. Yeye alikuwa akiuza pweza sokoni, mtu mzima, mvi zishaingia ndevuni, na hakuona sababu ya kupanda gari kwenda mahali ambapo hana pweza wa kuuza. Aliyetaka ni mkewe, Mwatima.

"Nimepika miaka yote hii," Mwatima alimwambia, "nataka nikae nipelekwe."

"Upelekwe wapi?"

"Popote. Mie sichagui."

Basi wakaenda.

Sasa hawa wawili, lazima nikwambieni, walikuwa na jambo lao. Talaka ni tatu. Ya kwanza na ya pili, mume anaweza kumrejea mkewe maadamu eda haijesha. Ya tatu ikitoka, ishatoka, hawezi tena kumrejea mpaka mke aolewe na mume mwengine na yule naye amuache kwa hiari yake. Mjaka alikuwa keshatumia mbili. Ya kwanza walipokuwa vijana, kwa maneno ya mama yake Mjaka, maneno ya jikoni ambayo hata wenyewe walikuja kuyasahau. Ya pili ilikuwa mbaya. Ilikuwa mwaka aliokufa mtoto wao Masika, wa homa, mtoto keshaanza kuhitimu juzuu zake. Mjaka akamlaumu mke kwa kuchelewa kumpeleka hospitali, mke akamlaumu mume kwa kutokuwepo, na katika lawama hizo neno likamtoka. Alimrejea kabla eda haijesha, analia kama mtoto. Lakini tangu hapo wakawa wanatembea na moja tu.

Na mtu mwenye moja huishi kwa hadhari. Nyumbani kwa Mjaka neno la kuacha halikusemwa. Akisahau shoka shamba, hasemi nimeacha shoka, anasema shoka limelala shamba. Mlango, hasemi usiuache wazi, anasema ufunge. Sokoni mteja akimwambia, "Niachie kwa bei hii," Mjaka hujibu, "Chukua." Watu walimwona mtu wa maneno ya ajabu. Mwatima peke yake alijua kwa nini, na alimpenda kwa hilo, ingawa hakumwambia.

Haya, tuingie garini.

Kiongozi alikuwa Kificho, mtu mrefu mwenye sauti ya kuuzia samaki, na dereva alikuwa Nassor, ambaye hasemi kitu. Siku ya kwanza tu Kificho aliamua kila mtu akae na wake, ati asihesabu vichwa mara mbili. Wazee wakanung'unika kidogo, kisha wakakaa. Na ndivyo Mwatima na Mjaka walivyokaa bega kwa bega mchana kweupe, mbele za watu, mara ya kwanza katika umri wao. Gari likiingia shimoni Mwatima anamwangukia, anajirudisha, likiingia jengine anamwangukia tena.

"Shimo gani hilo?" Mjaka anamuuliza. "Mie sikuliona."

"Nyamaza, watu wanasikia."

Huko Konde walikula embe. Micheweni Mjaka aligombana na mvuvi mmoja juu ya namna ya kumpiga pweza alainike, wakaishia kupeana mikono, na mvuvi akampa pweza wa bure. Mkoani Mwatima alitia miguu baharini akasema maji ya huku ni mengine, Mjaka akamwambia ni yale yale, Mwatima akasema mie miguu yangu inajua. Kila jioni Mjaka alikuwa anajiona kama mtu aliyepunguziwa mzigo ambao hakujua kuwa ameubeba.

Na gari lile lilikuwa na mchezo wake. Mtu akichelewa kurudi, Nassor hulisogeza gari hatua chache, pole pole, na watu wote humo ndani wanamwimbia anayekimbia, "Tumekuacha, tumekuacha!" Anakimbia anacheka, wanamvuta juu. Siku za mwanzo Mjaka alikuwa akifumba mdomo wenziwe wakiimba. Mwatima aliona. Baadaye akawa anapiga makofi. Baadaye tena, wakirudi kutoka Mkoani, akaimba na yeye, "tumekuacha," kwa wingi, pamoja na watu, na halikutokea jambo. Mwatima akamtazama, akatabasamu. Labda ingekuwa kheri asingetabasamu, lakini nani angejua.

Siku ya mwisho kasoro moja wakapita Pujini. Gari lilisimama njia panda, kwa sababu njia ya kwenda kwenye magofu ilikuwa ya miguu tu, na Kificho akawapeleka watu kuona maboma ya Mkama Ndume, mfalme wa zamani. Akawaonesha kile kisima kilichojengewa ukuta katikati, ati yule mfalme alikuwa na wake wawili, na hakutaka waonane wanapokwenda kuteka maji. Wanaume wakacheka wakaendelea. Wanawake wakabaki. Mwatima na jirani yake Mize walikaa pale wakajadiliana kama mke wa upande huu alikuwa akisikia ndoo ya mke wa upande ule.

"Alikuwa akisikia," alisema Mize. "Na alikuwa akijua imejaa kiasi gani."

Watu wakarudi garini. Jua kali, turubai zimekunjwa, benchi linaunguza. Mwatima hayupo. Konde alichelewa akinunua ukili wa kusukia mikeka, na Mkoani alichelewa kwa ajili ya miguu yake baharini. Watu wakaanza kumchezea Mjaka.

"Mkeo anatukausha kama ng'onda," mmoja akasema.

"Muuza pweza mwenyewe leo kaanikwa," akasema mwengine.

Mjaka alicheka nao. Alisimama kwenye kidaraja cha kupandia gari, ameshika nguzo kwa mkono mmoja. Mize alikuwa keshafika anahema. Kwa mbali Mjaka akamwona Mwatima anakuja mbio, buibui amelikamata mkononi, anacheka, mwanamke mzima anakimbia kama msichana wa chuoni. Nassor akalisogeza gari. Na kabla wenziwe hawajaanza kuimba, Mjaka akapaza sauti yeye peke yake, kwa furaha, nawaambieni ilikuwa ni furaha:

"Mwatima, nimekuacha! Na hii ya tatu!"

Ya tatu kuchelewa, ndivyo alivyokuwa amehesabu.

Mwatima akasimama. Buibui likamtoka mkononi. Garini kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, kila benchi kwa wakati wake, kadiri watu walivyofahamu. Nassor alizima gari bila ya kuambiwa. Mwatima akakaa chini pale pale njiani, vumbini, kama mtu aliyeambiwa akae.

Mjaka akateremka, akafika karibu yake, akanyoosha mkono kumwinua. Mize akampita mbio.

"Usimguse, Mzee Mjaka. Ngoja kwanza. Ngoja tujue."

Garini alikuwemo Shehe Mmanga, mwalimu wa chuo wa Wete, mtu mpole, mwenye kupenda usingizi wa safari. Watu walimwamsha. Alipoelezwa alivua kofia akaivaa tena, akasema neno kama hili halihukumiwi njiani, twendeni Chake. Mwatima akapandishwa na wanawake, akakaa benchi la mwisho. Pahala pake ubavuni kwa Mjaka pakabaki wazi mpaka Chake, hapana aliyepakalia.

Baada ya sala ya alasiri Shehe Mmanga akakaa na Mjaka kwenye baraza ya msikiti. Akazungumza naye kwa upole.

"Neno ulilosema ni la wazi, Mjaka. Talaka haina mzaha, na hilo unalijua. Lakini gari lilikuwa linaondoka, na humo garini neno hilo linaimbwa kutwa. Kwa hiyo nakuuliza. Ukila yamini kwamba ulikusudia gari tu, na moyoni hamkuwa na jengine, basi mkeo ni mkeo, na mimi nitawaambia watu wafumbe midomo yao. Uko tayari?"

Mjaka akafungua mdomo.

Angeweza kusema. Ilikuwa kweli, alikusudia gari. Lakini ile kauli ya mwisho, kwamba moyoni hamkuwa na jengine, ilimkwama. Kwa sababu pale kwenye kidaraja, neno lilipomtoka, alionja kitu. Kidogo tu, kama chumvi kwenye ncha ya ulimi. Miaka yote amelifungia neno lile, na lilipopata mlango likatoka na utamu wake, na ndani ya utamu ule mlikuwa na kitu cha zamani, anakijua, kina homa ya mtoto ndani yake.

"Shehe, nipe mpaka kesho."

"Mtu aliyekusudia gari hahitaji mpaka kesho," akasema Shehe Mmanga, na alipoona uso wa Mjaka akajuta kusema. "Haya. Kesho."

Mjaka alilala kwa wanaume, Mwatima kwa wanawake. Asubuhi, watu wakipakia mizigo yao, Mwatima akamwendea. Mize alikaa hatua mbili tatu nyuma, amegeuza uso, masikio hakuyageuza.

"Kula yamini, Baba Masika," akasema Mwatima. "Kula, twende nyumbani."

"Naogopa kuapa uongo."

"Weye? Weye uliyewaapia watu pweza wa jana kuwa wa leo?"

"Ya pweza ni ya pweza, Mwatima."

Kidogo wacheke. Midomo yao iliianza ile safari ya kicheko, ikarudi.

"Ulitaka?" akauliza Mwatima.

"Sikutaka. Wallahi sikutaka, na hilo naliapia mbele ya yeyote."

"Basi?"

Mjaka alitazama chini. "Sikutaka. Lakini lilikuwamo."

Kuku wa mwenyeji wakapita baina yao wakidonoa.

"Tangu lini?"

"Tangu Masika."

"Nilidhani lilitoka siku ile. Ulipolia, nilidhani limetoka lote."

"Na mie nilidhani hivyo. Nikiapa halimo, utakuwa unalala na mtu asiye mumeo, nami nnajua. Mie nitabeba yangu, lakini hilo siwezi kukutwisha weye."

Mwatima alijifunga buibui vizuri, polepole, kama mtu anayejitayarisha kwenda mahali.

"Hata langu limo," akasema. "Usidhani. Kila nikikuona unakula vizuri, limo. Ila mie sikupewa neno la kulitolea."

Akageuka akamfuata Mize.

Mjaka akaenda kwa Shehe Mmanga akamwambia hawezi kula yamini. Shehe alimuuliza tena, akamuuliza mara nyengine, akamwambia hasira ya jua si talaka. Mjaka akasema hasira ya jua anaijua, na ile haikuwa ya jua. Mzee wa watu akatoa machozi, akayapangusa kwa kofia. Kisha akamwambia yaliyobaki: mke atakalia eda nyumbani, na mume atafute pa kulala.

Kutoka Chake mpaka Wete ni mwendo mfupi, lakini siku ile ulikuwa mrefu. Kificho, ambaye kila penye mti alikuwa na hadithi, alipita Gombani kimya, akapita kila kijiji kimya, mpaka mtoto wa mtu akauliza kama Bwana Kificho anaumwa. Watu walitazama nje. Gari likiingia shimoni Mjaka alishika nguzo, na ubavuni mwake palikuwa na hewa tu. Mara moja aligeuka nyuma. Mwatima alikuwa ameegemea bega la Mize, macho wazi, anaitazama mikarafuu inapita.

Wete walifikia nyumbani kwao mwanzo, kwa sababu nyumba yao ilikuwa kando ya barabara. Nassor akasimamisha gari taratibu kabisa, kama amebeba mayai. Ili kuteremka Mwatima alihitaji kupita mbele ya Mjaka. Mjaka akaivuta miguu yake chini ya benchi, akaibana, upindo wa buibui usimguse. Mwatima akapita. Wanawake wakampokeza mizigo yake, wakampokeza na ya Mjaka kwa kutojua, kisha wakafahamu wakairudisha garini, kikapu na kanzu moja. Akafungua mlango wa nyumba, akaingia. Mlango akaufunga.

"Na weye, mzee wangu," akauliza Nassor, ambaye hakuwa amesema kitu safari nzima, "nikushushe wapi?"

Mjaka alifikiri. Ana kaka Micheweni. Ana binamu huko huko Wete, watu wa maneno mengi. Akasema, "Endesha tu."

Wakashuka wengine mmoja mmoja, kila mtu akimshika mkono bila ya kumtazama, mpaka gari likafika nyuma ya duka la Manubhai, na Nassor naye akashuka akaenda zake. Manubhai akatoka na kalamu sikioni, furaha imemjaa, maana ziara yake imerudi salama na hapana gurudumu lililopasuka. Akachungulia ndani akamwona mtu mmoja kwenye benchi, kikapu mapajani.

"Ah, Mzee Mjaka. Umeipenda Pemba hata hutaki kushuka?" akasema. "Na bibi yuko wapi?"

"Keshashuka," akasema Mjaka. "Kashukia kwake."