Mbishi Asiyekubali Kushindwa

Mwalimu Klementina alikuwa amechoka, na sisemi uchovu wa mtu aliyelima siku moja akalala, akaamka mzima. Asubuhi darasa la nne, mchana shamba la pamba la shule, jioni kisomo cha watu wazima, ambako wazee walimsinzilia mbele ya ubao bila hata haya. Yote hayo aliyamudu. Kilichomshinda ni karatasi.

Mwaka huo wa sabini na tano kijiji chao kipya, upande wa Bariadi, kilikuwa kinamngoja mgeni kutoka wilayani aje kufungua ghala la pamba. Mgeni wa namna hiyo hapokelewi kimya. Anapigiwa ngoma, kisha watoto wanasimama mbele yake na kughani ngonjera. Na ngonjera, jamani, kila mtu alijua ni kazi ya Klementina.

Ngonjera zake zote zilikwenda njia moja. Mbishi anaingia na kofia iliyotoboka, anabwata, anakataa. Mwelewa anamjibu ubeti kwa ubeti. Mwishoni Mbishi anavua kofia, anaomba radhi, watu wanapiga makofi mpaka vumbi linatimka. Klementina alikwisha kuwashinda Wabishi wa kila aina: asiyetaka kuchimba choo, asiyetaka kisomo, asiyetaka mbolea. Safari hii mwalimu mkuu, Selestini, alimpa jambo jipya: faida za kuhamia kijijini.

Basi kalamu ikagoma. Mwelewa hana la kusema mpaka Mbishi aseme, na Mbishi hakufumbua mdomo. Klementina alimfanya mlevi, akaona ni upuuzi. Akamfanya mvivu, akaona ni upuuzi zaidi. Alikuwa anaandika nyuma ya mitihani ya zamani, maana karatasi zenyewe za shida, na sasa hata mitihani ilikuwa inaelekea kumwishia. Alibadilisha kalamu. Alisali rozari. Alitafuna michembe, vile viazi vikavu, mpaka taya zikamuuma. Wapi!

"Mwalimu, umekauka kama lambo la Bukundi?" Selestini alimtania mbele ya wenzake. Alikuwa mtu mwema, ila wageni walimtia kiwewe. "Jumatatu watoto waanze mazoezi. Na huyo Mbishi ashindwe sawasawa, mgeni asije akaondoka na maswali."

Klementina alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda nyuma ya stoo ya majembe akalia. Aliogopa. Darasa lilikuwa la serikali na pamba ilikuwa ya shule, lakini beti zilikuwa zake. Zikimpotea hizo, atabaki na nini? Uchovu mtupu.

Jumamosi alasiri alirudi nyumbani akamkuta mama yake, Nyanjige, uani, anabangua karanga. Bibi huyu alihamia kwa binti yake mwaka uliopita, kijiji kilipoanzishwa na watu wakaambiwa watoke kwenye kaya zao za mbali waje kuishi pamoja kando ya barabara.

"Mwadila, mayu," Klementina alimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Basi, ndiyo ikawa imetoka hiyo. Tangu ahamie, Nyanjige alikuwa hivyo. Halalamiki, hagombi, anakula anachopewa. Ila kila siku aliweka kigoda chake upande ule ule, uso ng'ambo ya mto, kwenye minyaa ya kaya yao ya zamani. Huko alizikwa mumewe, baba yake Klementina.

Klementina alisimama akautazama mgongo ule, na moyo ukampasuka. Loo! Kumbe Mbishi alikuwa na sauti siku zote. Kila alipotaka kufumbua mdomo, aliyetaka kusema alikuwa mama huyu, na Klementina ndiye aliyekuwa akimziba. Nani atamvika mama yake kofia iliyotoboka achekwe na kijiji kizima?

Aliketi chini, pale pale kwenye maganda ya karanga, akaandika bila kuinua kichwa:

*Nimehamia kijiji, naishi barabarani,*
*Maji nateka karibu, sikatai asilani,*
*Baba yenu nimemwacha, kafunikwa na majani,*
*Ng'ombe wakimkanyaga, atamlilia nani?*

Akamsomea mama yake, kisha akamweleza kwa Kisukuma, mstari kwa mstari. Nyanjige aliacha kubangua.

"Nani huyo anayesema?"

"Mbishi, mayu. Mtu wa kwenye ngonjera tu."

"Mbona ana akili. Na mwenzake anamjibu nini?"

"Sijui. Hapo ndipo nimekwama. Inatakiwa amshinde."

"Amshinde!" Nyanjige alicheka, na Klementina hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka. "Kwani wanapigana mieleka? Mwambie aache kumjibu. Achukue jembe, amuulize kaburi liko wapi, waende wote wakapalilie. Mwaka mzima watu wananieleza habari za bomba la maji. Bomba nimeliona, si kipofu mimi. La kaburi hakuna aliyeniuliza." Akachota karanga nyingine. "Hata wewe."

Klementina alitaka kusema kisomo. Alitaka kusema pamba, watoto, mgeni, na vyote vingekuwa kweli tupu. Lakini alikuwa amechoka, hata kujitetea kulimshinda. Aliandika ubeti wa Mwelewa hapo hapo, na haukuwa na hoja hata moja. Ulikuwa ni mtu anauliza njia. Selestini angeusoma akashika kichwa. Na ashike.

"Mayu," alisema, "jembe letu liko wapi?"

Nyanjige alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga.