Picha ya Unga

Stika ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la chama cha akina mama, Asenath aliirudishia vikatuni vya kicheko kabla hajaitazama vizuri. Ni mwanamke mwenye gauni lililopasuka begani, amekumbatia pakiti ya unga kama mtoto mchanga, na chini yake maneno: "Mimi tarehe ishirini, kabla ya mshahara." Alicheka hadi chai ikampalia. Kisha akalitambua lile bega.

Alikuwa Mourine, Mama Eve wa orofa ya nne, jengo lao hilo hilo la Kayole. Na picha aliipiga yeye Asenath.

Mambo yalianza vizuri, kama mambo mengi ya aibu. Wasike, mumewe Mourine, aliangukiwa na chuma kwenye karakana Kariobangi, akavunjika mguu, na jiko lao likalala baridi. Chama kikachanga. Asenath, katibu, ndiye aliyepeleka unga, mafuta na sukari. Picha ya kutuma kundini ilikuwa desturi, ili waliochanga waone mchango umefika.

"Ngoja basi nibadilishe nguo, Mama Ryan," Mourine alimwambia siku hiyo.

"Wacha mambo mengi. Simama tu hivyo."

Alijiambia ana haraka. Lakini alijua gauni lile lingefungua watu mifuko, na alijua ni nani angeandikiwa "Mungu akubariki, katibu wetu." Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Asenath alitenda, ila hakwenda zake. Alibaki akingojea baraka ziingie kwenye simu.

Sasa alimpigia Annah, aliyeituma stika.

"Hii kitu umeitoa wapi?"

"Si ni watoto wa siku hizi! Iko kila mahali. Huyo msichana wa Mourine wanamwita Unga huko shule. Naskia amekataa kwenda."

"Na wewe ukaituma."

"Na wewe ukacheka, Mama Ryan. Nimeona."

Asenath alinunua mkate, akapanda ngazi. Mourine alifungua mlango nusu.

"Leo umekuja bila kamera?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Na hiyo mkate ni ya nini? Ya kuteremshia msamaha?"

Asenath aliushusha mkate ubavuni. Mourine akauachilia mlango. "Mimi ni mtu mzima, nimechekwa na wengi. Mwenye kesi yako amelala nyuma ya pazia. Mtihani uko mlangoni, na mtoto hataki hata kuona sare ya shule."

Asenath hakuwa amewahi kumwomba mtoto msamaha, hata wake wa kuzaa. Alipita nyuma ya pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Msichana alikuwa amejifunika blanketi gubigubi.

"Eve, nimekosa."

Sauti ikatoka chini ya blanketi: "Kwa nini hukungoja mathe abadilishe nguo?"

Majibu yalikuwepo: haraka, desturi, giza lilikuwa linaingia. Yote yangepita kwa watu wengine.

"Kwa sababu kwa hiyo nguo alionekana maskini zaidi," alisema. "Na mimi nikaonekana mwema zaidi."

Upande wa pili wa pazia, Wasike alikohoa mara moja. Asenath alitamani mtu amtukane. Hakuna aliyemsaidia hivyo.

"Ungetuletea kama hakuna picha?" Eve aliuliza.

"Unga ningeleta, ulikuwa wa chama. Kutoka mfukoni mwangu? Sijui, Eve. Tumekaa jengo moja miaka, na kabla ya siku ile sikuwahi kupanda hizi ngazi."

Blanketi lilishuka hadi kwenye pua. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nitaenda shule kesho. Lakini uandike kwa hiyo group vile umeniambia. Vile vile. Na usituletee kitu tena. Ukitaka kuja, kuja tu."

Aliandika pale pale kitandani. Mourine alisimama nyuma yake akisoma, na kila Asenath alipojipendelea, alimgusa bega: "Hapo umejipaka mafuta. Futa." Ujumbe ulipokwenda, hakuna aliyemwandikia baraka. Annah alijitoa kundini.

Asubuhi, kutoka dirishani, alimwona Eve akivuka lango na mkoba mgongoni. Alitembea ameinamisha kichwa, lakini alitembea.

Jumamosi Asenath alipanda tena. Kwao Bungoma mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Ni kama kuwatukana. Siku hiyo hakubeba hata kiberiti, na mikono ilimsumbua ngazi zote: akaifunga mbele, akaifunga nyuma, akaiachilia ikaning'inia. Mourine alifungua, akaitazama ile mikono, akasogea kidogo kumpisha. Asenath aliingia, akaketi, akailaza mikono mapajani ikiwa mitupu.